Wakuu, ukiwa likizo ugenini kuna haja ya kumlipa konsierji wa viwanja vya usiku?

#1 Tausi_Mweusi (mleta mada)

Habari za muda huu wanajukwaa.

Tunasafiri likizo kundi la watu saba, wanawake wanne na wanaume watatu. Mchana hautusumbui, kila mtu atajijua na bahari yake na usingizi wake. Kinachotuumiza kichwa ni usiku. Mwenzetu mmoja siku yake ya kuzaliwa inaangukia katikati ya safari, na tunataka siku hiyo tuingie klabu kubwa, tukae pamoja, tucheze, turudi salama.

Sasa mmoja wetu amempata mtandaoni mtu anayejitambulisha kama konsierji wa viwanja vya usiku. Anasema atapanga kila kitu: majina mlangoni, meza, gari la kutupeleka na kuturudisha, mgahawa wa kuanzia, na sherehe ya kesho yake kwenye boti. Ukurasa wake umejaa picha za chupa zinazowaka fataki na watu wanaocheka. Anajibu haraka, lugha yake nzuri. Anataka kianzio leo hii, nusu ya gharama ya meza, kiingie kwenye akaunti yake binafsi. Na anasisitiza kwamba huduma yake kwetu ni bure kabisa.

Kundi limegawanyika. Wapo wanaosema tulipe tukae kwa raha, ugenini bila mwenyeji ni kuhangaika tu. Wengine wanasema tukienda wenyewe tutaingia, na hela hiyo tutaila bata usiku mwingine. Mimi ndiye mshika mfuko, kwa hiyo likiharibika jambo nitaulizwa mimi. Naomba kusikia kutoka kwa waliowahi kuwatumia watu hawa, na zaidi kwa waliofanya kazi hizo. Hasa hasa unalipia nini? Na huyu anayesema ni bure, yeye anakula wapi?

#2 Mpiga_Kasia

Naweka kambi hapa. Na sisi tunasafiri mwisho wa mwaka, mjadala huu huu unaendelea kwenye grupu letu.

#3 Zamu_ya_Usiku

Dada Tausi, mimi nilifanya kazi ndani ya klabu miaka mingi, upande wa meza, na watu hawa nawajua. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu likijibika hilo, mengine yote yanajipanga.

Anayekuambia bure, analipwa na klabu. Mgeni akikaa mezani kupitia jina lake, klabu inamkatia asilimia ya mlichotumia. Hapo hakuna kosa, ni udalali kama udalali mwingine wowote. Tatizo linaanza pale unapomchukulia kama mtu wako. Akikwambia "ile klabu mliyoitaja imepoa siku hizi, njooni hii", inawezekana ni kweli, na inawezekana ile ya kwanza haimpi chochote. Huna namna ya kujua, na yeye hana sababu ya kukueleza.

Wapo wa aina ya pili. Hao wanatoza ada yao waziwazi, mnakubaliana mapema, kisha wanakupangia popote utakapo, hata sehemu ambayo wao hawapati kitu. Ni wachache na bei yao inauma. Lakini mtu wa namna hii ukimuuliza "Alhamisi twende wapi?" anaweza kukujibu "Alhamisi laleni, mji hauna kitu, jipangeni Ijumaa". Dalali wa klabu hawezi kukupa jibu hilo, maana usiku mnaolala ni usiku ambao yeye hapati kitu.

Aina ya tatu ndiyo ya kukimbia. Anachukua meza kwa bei ya klabu, anawauzia nyie kwa cha juu, halafu kamisheni ya klabu anaipokea vilevile. Anakula kwenu, anakula kwao. Dalili yake ni moja na haikosei sana: hataki kabisa mzungumze na klabu moja kwa moja, na hela lazima ipite mkononi mwake. Mwangalie huyo wenu kwa jicho hilo.

Usimchanganye konsierji na promota. Promota analipwa kwa vichwa anavyoingiza, na vichwa vyenyewe vina daraja. Nitaliacha hilo, naamini kuna dada hapa atalieleza vizuri kuliko mimi.

Sasa unalipia nini? Ukiondoa mapambo yote, unalipia mlango. Ngoja nikuoneshe mlango ulivyo usiku wenye watu. Kuna foleni ya wenye tiketi, foleni ya orodha ya wageni, na kamba ya pembeni ya wenye meza. Kwenye kamba anasimama mtu na kishikwambi. Orodha ya wageni ina saa yake ya kufungwa. Mkichelewa kidogo tu, jina lenu ni kama halikuandikwa. Nimeshuhudia mara nyingi kundi limefika limependeza, wanataja jina la konsierji badala ya jina lao. Yule wa kishikwambi anashusha kidole mpaka chini, anakipandisha, anatikisa kichwa. Wanampigia mtu wao, simu inaita tu. Nyuma watu wanasukuma, dada mmoja viatu vimeanza kumuuma. Dakika hiyo mtu anatoa hela yoyote anayotajiwa. Konsierji mzuri ni yule anayehakikisha dakika hiyo haiwafikii, na akiwa kweli anafahamika mlangoni, thamani yake mtaiona. Asipofahamika, mmenunua namba ya simu.

#4 Njia_Panda

Mkuu Zamu umeongea vizuri, ila mimi nasimama upande wa wasioona haja yake, angalau kwa sehemu nyingi.

Inategemea mnakwenda mji wa aina gani. Kuna sehemu watu wanafuata DJ na muziki, na huko tiketi zinauzwa hadharani kwenye tovuti za klabu zenyewe. Ibiza ni mfano mzuri. Klabu kama Pacha ipo pale tangu 1973, msimu unaanza mwishoni mwa Aprili hivi na kufungwa Oktoba, na ratiba ya nani anapiga siku gani inatangazwa mapema. Unanunua tiketi kwa simu, unaingia. Konsierji wa nini? Unamhitaji pale tu unapotaka meza.

Halafu kuna milango ambayo hakuna wa kukufungulia kwa hela. Berghain ya Berlin, iliyofunguliwa 2004 ndani ya jengo lililokuwa kituo cha umeme, ndiyo inayojulikana zaidi. Uamuzi ni wa mlinzi aliyesimama pale, matajiri wanarudishwa na vijana wa kawaida wanaingia, na ukiingia kamera ya simu yako inabandikwa stika. Mtu akikuambia anakuuzia uhakika wa kuingia mahali kama hapo, anakuuzia hewa.

Na kuna miji ya meza na chupa, yaani mnaweka meza mapema na kununua vinywaji kwa chupa nzima. Las Vegas, Miami, Dubai. Huko nakubali mambo ni ya kupanga. Lakini hata huko, Las Vegas kwa mfano, klabu zenyewe zina wenyeji wao wa VIP. Unawaandikia, wanakupa bei ya tarehe yako, wanakupokea mlangoni. Kwa nini uweke mtu mwingine katikati?

#5 Zamu_ya_Usiku

Njia_Panda, hapo kwa wenyeji wa klabu nipo na wewe moja kwa moja. Ila kumbuka na wao wanauza klabu moja tu. Kama kundi linataka usiku mmoja huku, mwingine kule, na boti juu yake, mtu mmoja wa kuunganisha vyote ana maana.

#6 Tausi_Mweusi (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, tayari nimeanza kuelewa. Huyu wetu nilipomuuliza jina la meneja wa meza wa klabu hiyo alisema "hayo niachie mimi". Kuna mtu anaweza kunifafanulia bili? Ametuambia "meza ni 1,000" na kundi zima limeshagawanya kwa saba.

#7 Kalamu_Nyekundu

Dada, simamisheni hiyo hesabu kwanza.

Mara nyingi hiyo 1,000 si bei ya meza. Ni kima cha chini cha matumizi, yaani mnaahidi klabu kwamba mtanunua vinywaji visivyopungua kiasi hicho. Mkinywa vya 700, mtalipa 1,000. Mkinywa vya 1,400, mtalipa 1,400. Na juu ya hapo kuna nyongeza ambazo kwenye meseji za kubembeleza huwa hazionekani.

Tuseme klabu inaongeza huduma 20% na kodi ni 8%, zote zikihesabiwa kwenye 1,000. Bili ni 1,280. Nyinyi mmegawanya 1,000 kwa saba mkapata kama 143 kila mtu. Hali halisi ni karibu 183 kila mtu, na hapo hamjaagiza hata kinywaji kimoja zaidi ya ahadi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowafanya marafiki wasisemeane kwenye ndege ya kurudi. Asilimia zenyewe hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, nyingine huweka kila kitu ndani ya bei, kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: "Tukinywa kima cha chini na tusiongeze kitu, jumla ya mwisho itakayotoka kwenye kadi ni shilingi, dola au euro ngapi?" Jibu liwe namba moja, kwa maandishi.

Kianzio nacho kiulizeni. Kinaingia ndani ya kima cha chini, au ni ada ya kushikilia nafasi inayopotea? Nimewahi kuona watu wanashangaa saa tisa usiku kwamba walicholipa mwezi uliopita hakimo kwenye bili.

Mkiwa mezani, mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuagiza, na mhudumu aambiwe hivyo mbele ya wote. Piga picha menyu. Chupa ifunguliwe mbele yenu, mwangalie kizibo. Ikifika katikati ya usiku ombeni kuona bili ilipofikia, mhudumu mstaarabu hawezi kukasirika. Mkisubiri taa ziwashwe ndipo mkague, mtakuwa mmechoka na mtasaini chochote.

Halafu suala la kulipa kwenye akaunti binafsi ya mtu. Ukilipa kwa kadi kwa kampuni au klabu, huduma isipotolewa una mahali pa kuanzia, unaiandikia benki yako unapinga muamala. Ukishamtumia mtu hela kwenye akaunti yake, au kwa programu ya kutumiana pesa, umemkabidhi. Akizima simu, umebaki na picha za fataki. Hili kwangu halina mjadala, anayekataa kadi namuaga hapo hapo.

#8 Waridi_la_Jangwani

Nimesubiri mtu agusie upande wa wanawake na naona ndugu Zamu ameniachia nafasi. Nashukuru.

Dada Tausi, mko wanawake wanne. Kwenye biashara hii nyinyi si wageni tu, nyinyi ni sehemu ya bidhaa. Naomba uichukue kwa uzito. Mwanasosholojia Ashley Mears, ambaye aliwahi kuwa mwanamitindo, alifuatana na mapromota kwenye klabu za New York, Miami na pwani ya kusini ya Ufaransa kuchunguza jinsi mambo yanavyokwenda. Alichokieleza ndicho wengi wetu tumekiona kwa macho: promota analipwa na klabu kwa kuwaleta wasichana warembo ili wanaume wanunue chupa, na wasichana wenyewe hawalipwi, wanapewa kinywaji, chakula na usafiri. Kwa hiyo mtu akiwaandikia "wanawake wanne, njooni kwenye meza yangu bure, hamlipi chochote", mjue mnakaa kwenye meza ya nani na kwa faida ya nani. Meza hiyo si yenu. Hamchagui nani anakaa karibu nanyi, na mkitaka kuondoka saa saba, gari si lenu.

Sisemi kila promota ni mtu mbaya. Kuna wanaojali sana wageni wao. Nasema tu kwamba kwa usiku wa kuzaliwa rafiki yenu, meza ya kulipia wenyewe ina uhuru ambao meza ya bure haina.

La pili ni vinywaji. Kwenye Vang Vieng, Laos, Novemba 2024, watalii sita walifariki kwa pombe yenye methanoli, aina ya spiriti ambayo ni sumu. Wengi wao walikuwa vijana waliokuwa likizo kama nyinyi. Methanoli huioni wala huionji ndani ya kinywaji kilichochanganywa, na ubaya wake huchelewa: mtu anaamka siku inayofuata, macho yanaona ukungu, anatapika, kichwa kinapasuka, anadhani ni uchovu wa pombe. Macho yakianza kufifia, hospitali mara moja, hakuna kusubiri jioni. Kwa hiyo mtu anayewapangia usiku mpimeni na kwa anapowapeleka. Akiwa na "sehemu yake" isiyo na jina ambako shoti ni za bure mpaka asubuhi, mimi siendi, na marafiki zangu nawavuta mkono.

La tatu nalisema haraka kwa sababu halihitaji maelezo. Konsierji akianza kuwatajia wanaume wenu "vitu vingine" anavyoweza kuleta, dawa au wasichana, futeni namba. Mkikamatwa ugenini atakayelala ndani ni mgeni, yeye yuko kwao.

#9 Mpiga_Kasia

Dada Waridi hili la gari sikuwahi kulifikiria. Yaani anayewaleta ndiye anayeamua mnarudi saa ngapi.

#10 Waridi_la_Jangwani

Ndiyo mpendwa. Gari la kurudi lipangwe na nyinyi, lisiwe la mwenye meza. Na kila mtu awe na anwani ya hoteli kwenye karatasi, maana simu saa tisa usiku huwa imezima.

#11 Mapokezi_Saa_Nane

Wakuu habari. Mimi natoka upande wa hoteli, nimekaa kwenye dawati la konsierji, na nashangaa hakuna aliyelitaja. Wageni wengi wanamtafuta mtu mtandaoni wakati kuna mtu ameketi chini ya chumba chao, analipwa mshahara kuwasaidia.

Mkikaa hoteli yenye dawati hilo, angalieni kola za koti la konsierji. Akiwa na funguo mbili za dhahabu zilizopishana, huyo ni memba wa Les Clefs d'Or, chama cha makonsierji wa hoteli kilichoanzia Paris mwaka 1929. Funguo hizo hazivaliwi na kila mtu, ni lazima uwe umekaa kwenye kazi na kukubaliwa na wenzako. Mtu kama huyo ana jina la kulinda, anapiga simu klabu kama mtu anayefahamiana nao, na mambo yakiharibika mnajua mtamkuta wapi kesho asubuhi. Huyo wa mtandaoni mtamkuta wapi?

Nisiwe mnafiki lakini. Mapokezi nako kamisheni zipo, kwenye baadhi ya hoteli zaidi ya wanavyokiri. Mgeni ana haki ya kuuliza kwa upole, "Mnapata chochote tukienda hapo?" Swali hilo halijawahi kunikera. Anayekereka nalo amekujibu tayari.

Na andika kabla ya kufika. Barua pepe ya wiki tatu kabla, yenye tarehe, idadi, wanawake wangapi na wanaume wangapi, muziki mnaoupenda na kiwango mlichopanga kutumia, itashughulikiwa. Mgeni anayeshuka kwenye lifti saa nne usiku, Jumamosi, anauliza meza, nampenda lakini nitamsaidia nini?

#12 Mti_Mkavu

Naona uzi unaelemea upande wa kutokumlipa mtu, naomba nitoe upande mwingine, maana sisi tulilipa na nisingefanya tofauti.

Kundi letu lina mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu. Ukisoma tovuti za klabu utaona picha za taa na jukwaa, hutaona ngazi. Tulichukua mtu wa ada maalumu, asiyechukua kamisheni, na swali la kwanza alilotuuliza lilikuwa upana wa kiti. Alikwenda mwenyewe mchana kwenye klabu tulizotaja, akatuma video ya mlango wa pembeni, lifti, choo, na nafasi kati ya meza. Moja akaikata: choo kilikuwa chini, ngazi kumi na kitu, hakuna lifti. Nyingine akaongea nao wakatupa meza isiyo juu ya jukwaa, ili mwenzetu asikae chini sisi tukiwa juu yake kama wazee wa baraza. Usiku huo alicheza mpaka wanafunga. Hela tuliyomlipa yule bwana nairudia kuilipa kesho.

Kwa hiyo mimi swali langu huwa si "tuna haja ya konsierji au hatuna". Nauliza, kuna kitu gani kwenye usiku wetu ambacho sisi kwa simu na tovuti hatuwezi kukijua? Sisi tulikuwa na ngazi. Wengine wana mgeni mmoja asiyekunywa kabisa na hawataki abanwe kulipia chupa, au kundi la wanaume peke yao ambalo milango mingi hulizungusha, au lugha ambayo hakuna anayeielewa. Kama hakuna kitu cha namna hiyo, Njia_Panda yuko sahihi, nunueni tiketi.

#13 Njia_Panda

Mti_Mkavu, hapo umenifundisha kitu. Hoja yako naikubali yote.

#14 Tausi_Mweusi (mleta mada)

Wakuu nimesoma kila neno, na nimewasomea wenzangu kwa sauti. Mkuu Zamu, kama ungekuwa mimi, ungemuandikia nini huyu mtu? Sitaki kumvunjia heshima bure, huenda ni mtu mwema.

#15 Zamu_ya_Usiku

Muandikie kwa adabu na kwa ufupi, asipate pa kujificha. Kitu kama hiki:

"Habari kaka. Tumevutiwa na mpango wako na tunataka kuendelea. Kabla ya kulipa tunaomba: meza iandikwe kwa jina letu na uthibitisho utoke klabu, uje kwenye barua pepe yetu. Kianzio tulipe klabu kwa kadi. Utueleze wewe unalipwa na nani, nasi au klabu, ili tujue kama tunatakiwa kukupa ada yako. Na tupate jumla ya mwisho pamoja na huduma na kodi, na utaratibu wa kurudishiwa fedha tukiahirisha."

Mtu wa kazi atafurahi kupata meseji hiyo. Inamwambia nyie ni wateja mnaojua mnachotaka, hamtamsumbua usiku wa manane. Tapeli ataanza kukimbizana na muda: "meza zinaisha", "kuna kundi lingine linasubiri", "mkichelewa saa moja bei inapanda". Meza huisha kweli siku za sikukuu na DJ mkubwa anapokuja, sikatai. Lakini klabu yenyewe inaweza kukuthibitishia hilo ndani ya siku moja.

Na msiwe na haya ya kulipa ada mkipata mtu anayestahili. Kuna vijana wanaifanya kazi hii kwa moyo, wanasimama mvua ikinyesha mpaka mgeni wa mwisho aingie. Mtu wa namna hiyo akitaja bei yake, mlipeni, na bakshishi juu.

#16 Tausi_Mweusi (mleta mada)

Mrejesho wakuu.

Nilimtumia meseji kama alivyoandika Mkuu Zamu. La kurudishiwa fedha alijibu papo hapo, la jumla ya mwisho akajibu nusu nusu. La uthibitisho kutoka klabu akasema klabu hiyo haizungumzi na wageni, inazungumza na mawakala tu. Kisha zikaja zile zile: kuna kundi lingine, meza ya mwisho, nitume sasa hivi.

Nikaingia tovuti ya klabu, nikajaza fomu ya meza, tarehe ile ile, watu saba. Kesho yake jioni nilijibiwa na msichana mmoja wa kitengo cha meza, kwa jina lake, na ramani ya ukumbi yenye alama mahali tutakapokaa. Kima cha chini walichonipa kilikuwa pungufu ya alichotutajia yule bwana kwa zaidi ya robo. Kianzio kwa kadi, kinaingia ndani ya matumizi, na wameandika jumla yote mpaka senti ya mwisho. Nimemshukuru yule kaka kwa muda wake na tumeachana naye.

Kundi limekubaliana hivi. Usiku wa kuzaliwa tunakaa meza hiyo tuliyoweka wenyewe. Usiku mwingine tutanunua tiketi, tusimame, tucheze, tukichoka tuondoke. Boti tumemuandikia konsierji wa hoteli, tukamuuliza na lile swali la kamisheni, akajibu bila kona kwamba wenye boti wanawapa kidogo, akatutajia na nyingine mbili ambazo hawawapi. Gari la kurudi limeshalipiwa, saa nane na nusu usiku, na dereva ana namba za watu watatu.

Kilichobaki ni kumfundisha mwenzetu mmoja kwamba haruhusiwi kuagiza chochote mezani, na hilo Kalamu_Nyekundu umeniachia mzigo mzito.

#17 Kalamu_Nyekundu

Mpe kazi ya kupiga picha dada. Watu wa namna hiyo wakishika kamera hawashiki menyu.

#18 Zamu_ya_Usiku

Hongera sana Dada Tausi, mmejipanga. Nyongeza kwa ajili yako na Mpiga_Kasia na yeyote atakayepita hapa. Bebeni paspoti zenyewe, milango mingi hawataki picha ya kwenye simu, na kama safari ni ya Marekani umri wa kunywa pombe ni miaka 21, hakuna cha kubembeleza. Anayeandikwa jina kwenye meza afike wa kwanza, wengine wasiingie foleni kabla yake. Wanaume waulize kuhusu viatu na kaptula leo, wasiulizie mlangoni. Na yule msichana wa kitengo cha meza aliyekujibu vizuri, mwandikie mchana wa siku hiyo kumkumbusha saa mnayofika. Zamu zao hubadilika, akikuta meseji yako atamwachia maagizo anayempokea.